Si kila tumbo liumalo ni taifodi

Ingia katika chumba chochote cha walimu, kuanzia Runyenjes hadi Nkubu, uulize ni kwa nini mwalimu fulani hakufika kazini. Ikiwa kilichomzuia ni tumbo, jibu litakuwa mojawapo ya haya matatu: ana taifodi, ana amiba, au vidonda vya tumbo vimemwamkia. Hakuna atakayetaka kujua zaidi. Watu watatikisa vichwa kwa huruma, mmoja atajitolea kumshikia kipindi chake, na kengele itakapolia kila mtu atakwenda zake darasani. Majina hayo matatu yametutosheleza kwa muda mrefu mno hata tukadhani hakuna mengine.

Mimi si daktari wa watu. Udaktari wangu ni wa isimu, na kazi ninayolipwa kuifanya ni kuchunguza maneno na namna yanavyobeba, au yanavyoshindwa kubeba, maana tunayoyatwika. Ninaandika makala haya kwa sababu mbili. Kwanza, niliugua tumbo kwa miaka minne, kuanzia 2019 hadi 2023, na katika muda huo nilipewa majina yote matatu, tena kwa zamu. Pili, nimesadiki kwamba kilichonichelewesha kupona hakikuwa uhaba wa dawa. Dawa nilikunywa hata nikazoea ladha yake. Kilichonichelewesha ni jina lisilo langu nililobandikwa nami nikalikubali.

Maradhi yenyewe yalianza kwa hila. Nilikuwa nikila chakula cha mchana kama kawaida yangu, na kufikia saa nane, nikiwa mbele ya wanafunzi, tumbo lilianza kujaa na kukaza kama ngoma iliyowambwa juani. Liliunguruma kwa sauti iliyowafikia wanafunzi wa safu ya mbele. Halafu msokoto ungenijia, nami ningelazimika kuwapa wanafunzi zoezi la ghafla ili nipate kutoka. Choo kilikuwa chepesi, chenye mafuta na harufu kali isiyo ya kawaida. Safari ya matatu kutoka Embu kwenda kumwona mama karibu na Nkubu, ambayo hapo awali niliifurahia kwa sababu ya mashamba ya chai na mito iteremkayo kutoka Mlimani, iligeuka adhabu. Nilizijua hoteli zote zenye vyoo, kuanzia Chuka hadi Chogoria, kuliko nilivyowajua jamaa zangu.

Nilikwenda kutafuta matibabu. Katika vituo mbalimbali, ambavyo sina nia ya kuvitaja, niliambiwa mara tano kwamba nilikuwa na taifodi, mara tatu kwamba nilikuwa na amiba, na mara mbili kwamba nilikuwa na vidonda vya tumbo. Nilipoona foleni ni ndefu, niliingia katika duka la dawa, nikataja ugonjwa wangu kama mtu anavyoagiza sukari, nikapewa vidonge bila kuulizwa cheti. Kosa hilo ninalikiri. Sheria ya Kenya inataka viuavijasumu vitolewe kwa agizo la mganga, nami niliivunja mara nyingi huku nikijiona mwerevu aliyeokoa wakati.

Na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu, hasa kwa wanafunzi wa mantiki na kwa walimu wao. Kila nilipomeza vidonge hivyo, nilipata nafuu. Kwa wiki mbili, pengine tatu, tumbo lilitulia na usingizi ukarudi. Je, si dhahiri basi kwamba nilikuwa na taifodi kweli, maadamu dawa ya taifodi ilinisaidia? Hivyo ndivyo nilivyowaza mimi, mtu mwenye shahada tatu. Maradhi yaliporudi, nilisema taifodi imerudi, na waliokuwa wakinihudumia wakasema vivyo hivyo. Tulikuwa tukizunguka kama ng'ombe aliyefungwa kambani. Jina lilitupatia dawa, dawa ikalithibitisha jina, na jina likatupatia dawa tena.

Kasoro ya mantiki hii ni nyepesi kuonekana mtu akiwa mzima. Kiuavijasumu hakisomi jina lililoandikwa kwenye cheti. Siprofloksasini humezwa kwa ajili ya taifodi, lakini huwaua bakteria wengine wengi pia. Metronidazoli humezwa kwa ajili ya amiba, lakini huwaua vilevile bakteria waishio pasipo hewa. Kama tatizo langu lilikuwa bakteria wa aina nyingine, waliokusanyika mahali pasipokuwa pao, dawa hizo zote mbili zingewapunguza kwa muda, nami ningepata nafuu, bila kuwapo kijidudu kimoja cha taifodi wala amiba mmoja katika mwili wangu. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Kipimo nacho kilitusaidia kukosea. Kipimo cha Widal, kilichopewa jina la tabibu Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896, hakimtafuti kijidudu cha taifodi chenyewe. Hutafuta kingamwili ambazo damu imetengeneza. Kingamwili hizo zaweza kuwa masalio ya maradhi ya zamani, au ya chanjo, au za bakteria wengine walio na undugu na wa taifodi. Katika nchi ambamo wengi wetu tumewahi kukutana na vijidudu hivyo, jibu moja la Widal halitoshi kuwa ushahidi. Kuotesha damu katika maabara ndiyo njia ya kuaminika zaidi, lakini huchukua siku kadhaa, nasi Wakenya tunataka jibu kabla ya matatu kuondoka. Haraka haraka haina baraka, na katika maabara haraka ina gharama pia.

Kufikia mwaka wa nne, uzito wangu ulikuwa umeshuka kutoka kilo 74 hadi 61. Nguo zilinining'inia. Wenzangu walianza kuninong'ona, na ninajua walininong'ona nini. Lakini kilichonitia hofu hasa kilikuwa miguu. Nyayo zilianza kufa ganzi, nikawa ninatembea kana kwamba viatu vimejazwa pamba. Siku moja nilijikwaa kwenye ngazi za ukumbi wa mihadhara, karatasi za mtihani zikatawanyika, na mwanafunzi mmoja akanishika mkono na kuniteremsha polepole, kama ashikwavyo mzee. Sikuwa nimefika miaka hamsini.

Aliyenifungua macho alikuwa daktari wa kike, wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Alinilaza kitandani, akaniinulia shati, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Mwalimu, kovu hili ni la nini?"

Nilimweleza kwamba mwaka 1996, nikiwa kidato cha tatu, kidole tumbo kilipasuka nikapasuliwa usiku, na usaha ukasafishwa tumboni. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba jambo hilo lilikuwa na uhusiano wowote na maisha yangu ya sasa. Katika miaka minne ya kuingia na kutoka katika vyumba vya matibabu hakuna aliyeniuliza juu ya kovu hilo, nami sikumtajia yeyote. Kwa nini nilitaje? Tayari nilikuwa na jina la ugonjwa.

Daktari yule alinieleza jambo ambalo ningependa kila mwalimu wa sayansi awaeleze wanafunzi wake. Utumbo mwembamba, wenye urefu wa karibu meta 6 kwa mtu mzima, ndiko chakula kinakosagwa na kufyonzwa. Utumbo mpana, unaoufuata, ndio makao halali ya bakteria, na humo huhesabiwa kwa mabilioni katika kila gramu. Hatuwezi kuishi vizuri pasipo wao. Lakini sehemu ya juu ya utumbo mwembamba hutakiwa kuwa na bakteria wachache mno; kwa kawaida hawafiki 1,000 kwa kila mililita. Mwili una walinzi kadhaa wa kuhakikisha hali hiyo. Asidi ya tumbo huwaua bakteria wengi wanaomezwa pamoja na chakula. Nyongo husaidia. Kati ya mlo na mlo, kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi, wimbi la misuli hupita utumboni kama ufagio, likisukuma mabaki kuelekea chini. Na pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana kuna mlango unaozuia yaliyoko chini yasirudi juu.

Mlinzi mmojawapo akishindwa, bakteria hujaa mahali pasipo pao. Ufagio hushindwa kwa wagonjwa wa kisukari ambao neva zao zimeharibika. Mabaki hukwama kwa watu wenye makovu ya ndani yanayoshikamanisha utumbo baada ya upasuaji, kama mimi. Asidi hupungua kwa uzee, na hupungua pia kwa dawa za kuizuia zinapotumiwa kwa muda mrefu. Nilikuwa nimemeza omeprazoli kwa miezi mingi kwa ajili ya vidonda ambavyo hakuna aliyewahi kuviona kwa kamera. Yamkini nilikuwa nikimfukuza mlinzi wa mwisho aliyebaki langoni.

Bakteria hao hula chakula chako kabla wewe hujakila. Wanapokichachusha, hutoa gesi. Ndiyo maana tumbo hujaa. Huiharibu nyongo inayohitajika kuyeyusha mafuta. Ndiyo maana choo huwa na mafuta na mtu hukonda. Huitumia vitamini B12. Ndiyo maana damu hudhoofika na neva za miguu hufa ganzi. Damu yangu ilipopimwa, chembe nyekundu zilikuwa kubwa kupita kawaida na vitamini hiyo ilikuwa chini sana. Taifodi isingeweza kulieleza hilo, wala amiba.

Ugonjwa huu hauna jina lililozoeleka katika Kiswahili. Nimejaribu kuuita msongamano wa bakteria katika utumbo mwembamba, na nitafurahi msomaji akinipa jina zuri zaidi. Nilipomweleza mama, sikutumia istilahi yoyote. Nilimwambia hivi: mahindi ni chakula chema, lakini yakiota katikati ya michai yanakuwa magugu. Mama amechuma chai tangu mimi sijazaliwa. Alielewa papo hapo, akauliza swali ambalo lingemfaa mtafiti: "Na ukiyang'oa, mwanangu, yataacha kuota?"

Jibu ni kwamba aghalabu huota tena. Lakini kwanza niseme juu ya kupima na kutibu, kwani ninajua wapo wasomaji wanaojitambua katika maelezo haya. Njia moja ya kupima ni kuingiza mpira mwembamba hadi utumboni, kuchota maji yake na kuotesha bakteria waliomo. Nyingine ni ya pumzi. Mgonjwa hunywa glukosi au laktulosi, kisha pumzi yake hupimwa kila baada ya dakika chache. Chembe za mwili wa binadamu hazitengenezi haidrojeni. Bakteria ndio huitengeneza. Kwa hiyo gesi hiyo ikipanda mapema katika pumzi, ndani ya dakika 90, ni ishara kwamba bakteria wamekutana na sukari juu kuliko inavyopasa. Wapo pia viumbe wadogo wengine wanaotoa methani, na hao huambatana zaidi na kufunga choo kuliko kuendesha. Hata hivyo kipimo cha pumzi si msahafu. Kwa watu ambao utumbo wao hupitisha chakula haraka, sukari huwahi kufika kwenye utumbo mpana na kipimo kikadanganya.

Daktari wangu aliniambia waziwazi kwamba kipimo hicho nisingekipata pale alipo. Alikuwa na kovu, damu, miguu na historia yangu, akaamua kwamba ushahidi huo ulitosha kuanzia. Aliagiza picha za utumbo ili kuhakikisha haujazibika, na uchunguzi wa kamera ili kuondoa shaka ya jambo baya zaidi. Hili la kamera nalitilia mkazo. Saratani za umio na za tumbo si wageni katika miteremko hii ya Mlima Kenya. Mtu anayekonda bila sababu, anayeona damu chooni, au anayepata shida kumeza, asikubali jina lolote kati ya yale matatu, wala hili la nne ninalolieleza, kabla hajachunguzwa barabara.

Kisha akanitibu. Kwa mshangao wangu, dawa mojawapo aliyoniandikia ilikuwa ile ile metronidazoli niliyokuwa nikiinunua kiholela. Tofauti ilikuwa katika kila kitu kingine. Ilikuwa na muda maalumu na tarehe ya kurudi. Omeprazoli ilisimamishwa. Nilidungwa sindano za B12, kwanza kwa ukaribu, kisha kwa nafasi za miezi. Nchi nyingine hutumia zaidi dawa iitwayo rifaksimini, ambayo hubaki utumboni na huingia katika damu kwa kiasi kidogo mno, lakini ni dawa ya bei.

Baada ya miezi saba dalili zilirudi. Nilipomweleza daktari kwa fadhaa, hakushangaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na matabibu wa Italia ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa waliotibiwa wakapona, karibu asilimia 13 walikuwa wamerudiwa baada ya miezi 3, na karibu asilimia 44 baada ya miezi 9. Chanzo cha msongamano kikiwa bado kipo, na makovu yangu bado yapo, ugonjwa hurudi. Mama alikuwa ameyaona hayo katika michai yake. Magugu hupaliliwa, na mpaliliaji hurudi shambani msimu baada ya msimu. Tofauti ya sasa ni kwamba ninajua ninachopalilia.

Chakula nacho kilinifundisha unyenyekevu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash mjini Melbourne, Australia, ndio waliotunga utaratibu wa kupunguza vyakula vinavyochachuka upesi utumboni. Orodha yao iligonga moja kwa moja katika jungu la nyumbani: maharagwe, vitunguu, vyakula vya ngano, maziwa, maembe mabivu. Githeri, ambayo ndiyo iliyonilea, ikawa chakula cha kuonja tu. Utaratibu huo haufukuzi bakteria. Hupunguza tu gesi na maumivu, tena haufai kushikwa kwa ukali milele, hasa na mtu aliyekwisha kukonda. Mimi hula wali, ugali, viazi, ndizi za kupika, sukumawiki, mayai, samaki na nyama, na huacha mwanya wa saa nne hivi kati ya mlo na mlo ili ule ufagio upate nafasi ya kupita. Mara ya kwanza nilipoikataa sahani ya njahi nyumbani, mama hakusema neno. Aliiondoa, akaenda jikoni, akarudi na viazi. Tangu siku hiyo hunipikia sufuria yangu. Si kila mgonjwa ana mtu wa kumpikia sufuria yake, na si kila mwanafunzi anayekula bwenini anaweza kuchagua asile maharagwe. Hilo walimu wakuu walifikirie.

Sasa nirudi katika uwanja wangu. Neno tumbo katika Kiswahili ni gunia kubwa. Ndani yake tumetia tumbo lenyewe linalopokea chakula, chango zote, tumbo la uzazi, na hata tamaa. Mla rushwa twasema anajali tumbo lake. Mgonjwa anapomwambia mganga "tumbo linaniuma", hajasema mengi zaidi ya mtu anayesema "nyumba yangu ina tatizo". Ni paa? Ni mlango? Ni jirani?

Wapo watakaosema kwamba huo ndio ufukara wa Kiswahili, na kwamba mambo ya tiba tuyaachie Kiingereza. La hasha. Kiswahili kina kiungulia, kina kichefuchefu, kina kuvimbiwa, kina msokoto, kina kuunguruma, kina kuendesha na kufunga choo, kina mbweu. Kina umio, nyongo, kongosho na wengu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mjini Dar es Salaam tangu mwaka 1990. Maneno tunayo. Tulichokosa ni desturi ya kuyatumia mahali yanapohitajika. Tunawafundisha watoto msamiati wa sehemu za mwili ili wajaze pengo katika mtihani, kisha mtihani ukiisha msamiati nao unakwisha.

Mwaka jana niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza zoezi dogo. Waandike aya moja ya Kiswahili wakimweleza daktari maumivu ya tumbo. Ni wanafunzi hodari. Wanaweza kuchanganua sentensi changamano bila kutoa jasho. Wengi wao hawakuandika dalili hata moja. Waliandika jina la ugonjwa: "Daktari, nina taifodi." Mmoja wao alinijia ofisini siku iliyofuata akaniambia kwamba hilo halikuwa zoezi kwake. Alikuwa ametibiwa taifodi mara tatu muhula huo. Nilimwuliza maswali niliyojifunza kwa gharama: maumivu huanza lini, kabla au baada ya kula? Choo kikoje? Alitazama chini kwa muda mrefu, kisha akasema huona damu. Hakuwa amemwambia mganga yeyote. "Niliona haya, mwalimu," akasema, "na hawakuniuliza." Nilimrudisha hospitalini akiwa na neno moja tu la ziada, damu, na neno hilo likabadilisha matibabu yake yote.

Haya hiyo ndiyo adui wetu wa pili. Ashakum si matusi, lakini mtu mwenye maradhi ya utumbo lazima azungumze juu ya kujamba, juu ya rangi ya kinyesi chake, juu ya harufu. Tumelelewa kuyafunika mambo hayo, na malezi hayo yana heshima yake mezani na mbele ya wakwe. Katika chumba cha daktari hayana nafasi. Mficha maradhi, kilio humfichua, na methali hiyo tunaifundisha kila mwaka bila kuitii. Vilevile mganga asiyeuliza asijifiche nyuma ya haya ya mgonjwa. Daktari wangu aliniuliza hata kama ninatafuna miraa au muguka, kwa sababu majani hayo hupunguza mwendo wa tumbo. Aliuliza bila kunihukumu, nami nikajibu bila kuudhika.

Ninatarajia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba taifodi ipo na huua. Ni kweli, na simwombi mtu yeyote adharau homa ya matumbo, wala kunawa mikono, wala kuchemsha maji. Ninachopinga ni kuligeuza jina hilo kapu la kutupia kila maumivu. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: je, si nitakuwa nimeongeza jina la nne katika kapu? Kesho wasomaji wangu hawatakwenda kuagiza dawa za msongamano wa bakteria dukani? Hofu hiyo ninayo. Katika nchi tajiri, ambako jina hili limevuma, wapo wanaojipachika wenyewe na kumeza viuavijasumu mwaka nenda mwaka rudi. Kila kozi isiyo ya lazima huwafundisha bakteria kuishinda dawa, na serikali yetu ilitoa mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu huo mwaka 2017. Kwa hiyo nasema bayana: sikuandika ili upate jina jipya la kujipa. Nimeandika ili ulidai jina lako lithibitishwe.

Nini basi kifanywe? Kwa walimu wa Kiswahili, pendekezo langu halihitaji bajeti. Mitaala imebadilika, KCPE ya mwisho ikafanywa mwaka 2023, na tumeambiwa sasa tunafundisha umilisi. Umilisi gani unaoshinda ule wa kijana kuweza kueleza anaumwa wapi, tangu lini, kwa namna gani, na baada ya kula nini? Fundisheni mazungumzo ya mgonjwa na daktari kama mnavyofundisha barua rasmi. Kwa walimu wa baiolojia, kipimo cha Widal ni somo zuri la tofauti kati ya ishara na ushahidi. Kwa wanafunzi, acheni kununua viuavijasumu kwa kutaja jina la ugonjwa dirishani. Andikeni dalili zenu katika daftari kwa wiki mbili, nendeni nalo, na mtajeni kila upasuaji mliowahi kufanyiwa, hata kama ulikuwa wa utotoni.

Kwa kaunti zetu, ambazo tangu mwaka 2013 ndizo zinazosimamia afya, ninaomba maabara za hospitali za rufaa za Embu na Meru ziwezeshwe kuotesha damu na kupima B12 bila mgonjwa kutumwa Nairobi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya, na katika kifungu cha 7 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Haki hizo mbili hukutana pale mgonjwa anapoketi mbele ya mganga. Mgonjwa asiyeweza kujieleza hana lugha rasmi hata kama Katiba inasema anayo.

Miguu yangu haijarudi kama zamani. Ganzi ya vidole vya mguu wa kushoto imebaki, na daktari ameniambia kwamba neva zikichelewa kutibiwa huenda zisipone kabisa. Ninapopanda ngazi za ukumbi ule wa mihadhara sasa hushika ukuta. Uzito umerudi hadi kilo 70. Ninafundisha saa nane mchana bila kutoka nje, na safari ya Nkubu nimeanza kuifurahia tena.

Lakini kila ninapopita mbele ya duka la dawa jioni, humwona kijana mwenye mkoba wa shule ameinama dirishani, akitaja jina la ugonjwa wake kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Mara mbili nimesimama nikamwuliza, "Nani alikuambia ni taifodi, mwanangu?" Mara zote mbili jibu lilikuwa moja: "Hakuna, mwalimu. Najua tu."